GIROLAMO CARDANO: DAKTARI ALIYEIJUA HESABU YA KAMARI NA BADO KAMARI IKAMMALIZA

Najua kwenye habari za wakongwe tumezoea kuwaongelea wa nyumbani, akina Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Leo naomba tutoke kidogo nje ya mipaka, tena mbali kweli kweli. Nawaletea mzee wa Kiitaliano aliyefariki mwaka 1576. Msiniulize anahusiana vipi na Morogoro, mtaona wenyewe tukisonga mbele.

Kwanza ni kwamba ukitoka Msamvu ukashuka mpaka Mji Mpya, kila baada ya maduka kadhaa unakutana na kibanda cha mikeka au mashine ya dubwi inayokula sarafu za mia mbili. Vijana tunajazana pale, na kila mmoja ana nadharia yake: huyu anasema mashine ikila sana lazima itatema, yule anasema ukipoteza ongeza dau mara mbili. Sasa huyu mzee Cardano ndiye mtu wa kwanza tunayemjua aliyekaa chini akaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba bahati ina hesabu. Na kabla hamjasema basi lazima alikuwa tajiri, subirini.

Girolamo Cardano alizaliwa tarehe 24 Septemba 1501 katika mji wa Pavia, kaskazini mwa Italia. Alizaliwa nje ya ndoa. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa mji wa Milan, msomi anayeijua sana jometri, kiasi kwamba hata Leonardo da Vinci alikuwa akimwendea kumuuliza mambo. Mama yake, Chiara, alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Ile mimba haikutakiwa, na Cardano mwenyewe aliandika uzeeni bila kuficha kwamba mama yake alijaribu kuitoa kwa dawa ikashindikana. Wakati huohuo tauni iliingia Milan, mama akakimbilia Pavia kujifungua, na wale watoto wake watatu wakafa kwa tauni. Yaani jamaa alianza maisha hivyo.

Alikua mgonjwamgonjwa, akipigwa nyumbani na akimbebea baba yake mikoba ya vitabu mitaani. Baadaye akaenda kusomea udaktari, kwanza Pavia, halafu Padua. Baba akafa mwaka 1524 na urithi haukuwa wa maana. Hapo ndipo karata zinaingia.

Mwanafunzi hana hela, lakini ana kichwa. Cardano akagundua kwamba wenzake mezani wanacheza kwa hisia tu, wakati yeye anaweza kukadiria karata ipi ina nafasi gani ya kutoka. Akaanza kuishi kwa hela ya karata, dadu na sataranji (siku hizo sataranji nayo ilichezwa kwa dau). Mchezo wa karata uliokuwa unavuma Italia uliitwa primero, unagawiwa karata nne, unaweka dau, unaongeza, unamtisha mwenzako ajitoe. Wanaojua poka wataona undugu hapo.

Nisimame kidogo hapa. Karata alizoshika Cardano zilikuwa na alama nne: vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu. Wareno nao walikuwa na alama hizohizo, na kwa lugha yao ni copas, ouros, espadas na paus. Sasa soma polepole: kopa, uru, shupaza, pau. Hayo ndiyo majina ya karata aliyotumia babu yako akicheza na wenzake barazani! Hata turufu ni neno la Kireno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, miaka mitatu kabla Cardano hajazaliwa, na Wareno walikaa pwani yetu karibu miaka mia mbili. Walipoondoka, moja ya vitu walivyoacha ni majina ya karata. Kwa hiyo mzee wa Kimwambao anayepiga turufu na Cardano aliyekuwa akipiga primero kule Padua, kwa upande wa karata ni watu wa ukoo mmoja. Mimi hili lilinifurahisha kuliko yote.

Turudi kwenye stori. Mwaka 1526, Cardano akiwa na miaka kama 25, alikuwa Venice siku ya sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, yaani tarehe 8 Septemba. Alikuwa anacheza karata nyumbani kwa mkubwa mmoja wa mji, mjumbe wa baraza la Venice aliyeitwa Thomas Lezun. Amepoteza hela, amepoteza pete, amepoteza hata nguo. Siku ya pili yake akagundua kwamba karata zimewekwa alama. Hakuongea. Alichomoa kisu akamchana yule mwenye nyumba usoni (sio sana), akazoa hela zake na nguo zake, na nyingine za mwenyeji akamrushia palepale, akatoka mbio wakati mle ndani kuna watumishi wawili.

Bado haijaisha. Usiku uleule, akiwa anajificha vichochoroni na silaha zake nzito mwilini, akateleza akatumbukia kwenye mfereji wa maji. Venice mitaa yake ni maji, si mnajua. Akaning'inia kwenye boti iliyokuwa inapita, watu wakamvuta ndani. Kuinua macho, ndani ya boti amekaa yule yule Lezun, uso umefungwa bandeji! Ungetegemea amalizwe palepale. Lakini bwana yule alimpa nguo kavu za kibaharia, wakasafiri wote mpaka Padua. Nadhani naye hakutaka habari za karata zenye alama zifike mbali.

Tukio hili Cardano alilisimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake alichoandika akiwa na miaka 74 hivi. Msomaji anaweza kuchukua chumvi yake pembeni, lakini tabia ya mtu inaonekana: mkali, mwepesi wa kisu, na mezani haondoki.

Alihitimu udaktari lakini chama cha madaktari wa Milan kikamkataa. Sababu waliyoitoa: mtoto wa nje ya ndoa. Akaenda kutibu watu kijijini karibu na Padua, wagonjwa wachache na malipo ya shida. Mwaka 1531 akaoa, mkewe aliitwa Lucia. Miaka miwili mitatu iliyofuata ndiyo mibaya. Alihamia Gallarate karibu na Milan, kazi hakuna, akarudi mezani kutafuta hela ya kula. Safari hii kichwa hakikumsaidia. Aliweka rehani vito vya mkewe. Vikaenda. Akaweka vyombo vya ndani na kitanda. Vikaenda. Familia ikaishia kwenye nyumba ya kulelea maskini Milan. Na Lucia wakati huo ni mama wa mtoto mchanga, au yuko mbioni kuwa, maana kijana wao wa kwanza Giambattista alizaliwa mwaka 1534.

Huyo ni mtu anayejua hesabu kuliko wote waliokaa naye mezani. Sasa tuiangalie hiyo hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kitabu chake kuhusu michezo ya bahati alikianza akiwa kijana na akaendelea kukirekebisha mpaka miaka ya 1560. Wazo lake kubwa ni rahisi kiasi kwamba leo tunalifundishwa kidato cha nne kwenye mada ya probabiliti na kulisahau baada ya mtihani. Alisema, kwanza hesabu njia zote ambazo mchezo unaweza kutokea, zenye nafasi sawa. Yeye aliziita mzunguko mzima. Halafu hesabu zile zinazokupa ushindi. Ukilinganisha hizo na zilizobaki, umepata kipimo cha dau la haki. Dadu moja ina njia 6. Dadu mbili zina 36. Dadu tatu zina 216. Kabla yake watu wengi walikuwa wanachanganya, wanaona moja-na-mbili na mbili-na-moja ni kitu kimoja, hesabu nzima inaharibika.

Mfano wake: unatupa dadu tatu, unataka angalau moja ionyeshe namba moja. Haraka haraka mtu anasema dadu tatu, kila moja nafasi moja ya sita, kwa hiyo nusu kwa nusu. Sivyo. Njia ambazo moja haitokei kabisa ni 5 mara 5 mara 5, yaani 125. Toa kwenye 216 unabaki na 91. Kwa hiyo unashinda mara 91 na unapoteza mara 125. Mtu anayekuwekea dau la sawa kwa sawa kwenye mchezo huo anakula hela yako polepole huku unacheka naye.

Akaenda mbele zaidi. Ukitaka jambo litokee mara mbili mfululizo, nafasi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mwanzoni alijaribu njia isiyo sahihi, akaona majibu hayakai, akaibadilisha humohumo ndani ya kitabu bila kufuta ile ya kwanza. Mpaka leo wasomi wanaona makosa yamelala pale pamoja na masahihisho. Na mengine hakuyasahihisha: alidhani kwamba kama nafasi ni moja katika 36, basi ukitupa mara 18 unakuwa na nusu ya kushinda. Kumbe kupata sita mbili kwa dadu mbili unahitaji kutupa mara 25 ndipo nafasi yako ivuke nusu.

Hii kanuni ya kuzidisha ndugu zangu ndiyo inayokaa ndani ya mkeka. Chukua mechi ambayo kwa haki ni nusu kwa nusu. Odi ya haki (ile namba ya kuzidishia hela yako) ingekuwa 2.00. Tuseme wenye kampuni wanakupa 1.85. Ukiweka shilingi 1,000 mara nyingi nyingi, kwa wastani zinarudi 925, wao wanabaki na 75. Unaona ni ndogo. Sasa unganisha mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Kila mechi inakata kipande chake, na vipande vinazidishwana: 0.925 mara kumi yenyewe inakupa kama 0.459. Yaani kwenye kila 1,000 yako, kwa wastani zinarudi shilingi 459 tu. Wao wanakula zaidi ya nusu. Ndiyo maana bonasi ya mkeka mrefu inatangazwa kwa maandishi makubwa.

Na kasino? Sheria ya Michezo ya Kubahatisha hapa nchini ilipitishwa mwaka 2003 na ndiyo iliyounda Bodi ya kuisimamia, na mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Karata ambayo imechambuliwa kuliko zote kwenye kasino ni ishirini na moja, wenyewe wanaita blackjack. Unatafuta kufika 21 au karibu yake bila kupita, unashindana na mgawaji wa nyumba tu. Wengi wanauliza faida ya nyumba iko wapi wakati karata ni zilezile na mgawaji anafuata kanuni ambazo hawezi kuzikiuka. Iko kwenye kitu kidogo sana: wewe unacheza kwanza. Ukipita 21 hela yako inaondoka saa ileile, na mgawaji hata kama naye angepita, haijalishi tena.

Piga hesabu ya Cardano hapo. Ukicheza kama mgawaji anavyocheza, unachukua mpaka 17 halafu unasimama, utapita 21 kama mara 28 kwa kila 100. Yeye vilevile. Kwa kukadiria, wote wawili kupita ni 0.28 mara 0.28, kama mara 8 kwa 100. Hizo 8 zote ni za nyumba. Nyumba inakurudishia kidogo kwa kukulipa moja na nusu ya dau ukipata ree na karata ya kumi palepale mwanzo, lakini bado ukicheza kwa mtindo huo inabaki na faida kama asilimia 5 na nusu. Ukijua lini uongeze, lini usimame na lini ugawe, faida yao inashuka mpaka karibu nusu ya asilimia. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1956 na wanajeshi wanne wa Marekani wakitumia mashine za mezani za kujumlishia. Mwaka 1962 akaja mwalimu wa hesabu Edward Thorp akaonyesha kwamba ukikumbuka karata zilizokwisha toka, kuna wakati meza inaegemea kwako. Kasino zikajibu kwa kuchanganya pakiti sita au nane kwa pamoja, kuchanua mapema, na kuwatoa nje wanaohesabu.

Kuna meza nyingine wamebadilisha malipo tu. Badala ya kulipa 15,000 kwa dau la 10,000 ukipata ile ishirini na moja ya karata mbili, wanalipa 12,000. Mchezaji anaona shilingi elfu tatu si kitu. Lakini mkono huo unatoka mara moja kwa kila mikono 21 hivi, kwa hiyo kwa wastani amekukata karibu shilingi 140 kwenye kila mkono wa 10,000 unaocheza, ushinde usishinde. Faida ya nyumba inakuwa karibu mara nne ya ile ya mwanzo kwa mtu anayecheza vizuri.

Halafu ile mbinu ya kuongeza dau mara mbili kila ukipoteza, ambayo kila kijiwe kina mtaalamu wake. Anza na 1,000. Ukipoteza mara nane mfululizo umeshatoa 255,000, na dau linalofuata ni 256,000 ili upate faida ya... shilingi 1,000! Kwenye mchezo wa haki kabisa wa nusu kwa nusu, kupoteza mara nane mfululizo ni mara moja katika 256. Kwa hiyo mara 255 unakusanya 1,000 na mara moja unaacha 255,000. Jumla ni sifuri kamili. Sasa mchezo wa kasino hauko nusu kwa nusu, uko chini kidogo ya hapo, na meza ina kiwango cha juu cha dau kilichowekwa makusudi. Hakuna kupanga dau kunakogeuza mchezo usio wa haki kuwa wa haki. Msingi wa kwanza kabisa wa Cardano ulikuwa usawa: wachezaji sawa, hela sawa, dadu sawa, mazingira sawa. Usawa ukikosekana upande wako wewe ni mjinga, ukikosekana upande wa mwenzako wewe ni dhalimu. Ndivyo alivyoona.

Kitabu kile pia kina sehemu ndefu ya wizi. Karata zinazopakwa sabuni ziteleze. Watu wanaotazama karata kwa vioo vidogo kwenye pete zao. Ukiwasoma unawafikiria wale jamaa wa karata tatu pale stendi, na wale wasaidizi wao wanaojifanya abiria wameshinda. Miaka karibu 500 hakuna kilichoongezwa.

Maisha yake baada ya nyumba ya maskini yalipanda kwa kasi, hapa nitakimbia. Mwaka 1534 marafiki wa marehemu baba yake wakamsaidia kupata kazi ya kufundisha hesabu Milan. Akaponya wakubwa kadhaa, na mwaka 1539 chama cha madaktari kikamkubali. Mwaka 1545 akatoa kitabu kikubwa cha aljebra chenye njia ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, akagombana vibaya na Tartaglia aliyekuwa amempa siri hiyo kwa kiapo. Cardano alijitetea kwamba mtu mwingine alishaigundua kabla ya Tartaglia, na ni kweli. Kiapo kilikuwa kiapo, lakini tuyaache. Mwaka 1552 aliitwa Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton aliyekuwa na pumu, akamwamuru aache kulalia godoro la manyoya ya ndege. Askofu akapata nafuu na kumlipa zaidi ya vipande elfu moja vya dhahabu.

Akirudi alipita London, akamtabiria mfalme kijana Edward VI kwa nyota kwamba ataishi mpaka zaidi ya miaka hamsini. Mfalme akafa Julai mwaka uliofuata akiwa na miaka 15. Huyu huyu aliyeandika hesabu ya dadu! Alikuwa anaamini nyota, ndoto na majini, na mezani aliamini kuna siku bahati inamfuata mtu. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo tundu lilipokuwa. Hesabu aliijua, ila alijiona yeye hahusiki nayo.

Na kama kuna fundi anasoma hapa: ile krosi ya propela inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ya lori, Wajerumani na Wafaransa wanaiita kwa jina la Cardano. Hakuitengeneza yeye, alieleza tu pete zinazoning'inia moja ndani ya nyingine, lakini jina likabaki kwake. Kila lori linalopita Msamvu kwenda Dodoma au Iringa linamtembeza huyu mzee bila dereva kujua.

Sasa watoto. Lucia alifariki mwaka 1546 akimwachia watatu. Giambattista, kipenzi chake, akawa daktari kama yeye, akaoa kwa siri mwanamke aliyemdhihaki hadharani kwamba watoto si wake. Akamwekea sumu. Baba aliuza alichonacho kumtetea mahakamani, lakini fidia iliyotakiwa na familia ya mke ilimshinda. Aprili 1560 kijana akakatwa kichwa. Cardano hakuwa yule tena, akahamia Bologna kufundisha, watu wakimnyooshea kidole.

Mdogo wake, Aldo, alichukua kingine cha baba. Alikuwa mcheza kamari tangu kijana, akapoteza nguo zake, akapoteza vitu vya baba, mwisho akavunja nyumba ya baba yake na kuiba hela na vito. Baba ndiye aliyekwenda kumshitaki, na Aldo akafukuzwa Bologna mwaka 1569. Mtoto anaiba vito vya nyumbani apeleke kwenye kamari, miaka thelathini na tano baada ya baba kuweka rehani vito vya mama yake. Cardano aliandika mengi kujilaumu kuhusu watoto wake. Alikiri pia kwamba sataranji aliicheza kwa miaka kama arobaini na dadu kama ishirini na tano, na si mara moja moja bali kila siku, na kwamba vilimgharimu heshima, muda na hela. Kwenye kile kitabu cha bahati aliandika kwamba faida kubwa kuliko zote kwa mcheza kamari ni kutocheza kabisa. Aliandika hivyo, halafu akaendelea na kurasa nyingine nyingi za namna ya kucheza!

Mwaka 1570 akakamatwa Bologna kwa kosa la kukufuru, moja ya sababu ikiwa kupiga ramli ya nyota ya Yesu. Alikaa ndani miezi michache, akakatazwa kufundisha na kuchapisha. Akahamia Roma, Papa akampa posho, na hukohuko akafariki tarehe 21 Septemba 1576, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75. Watu wakavumisha kwamba alijinyima chakula ili afe siku aliyojitabiria. Ni uvumi.

Kile kitabu cha bahati hakikuchapishwa akiwa hai. Kilikaa kwenye makaratasi yake mpaka mwaka 1663, kilipotolewa Lyon, Ufaransa, ndani ya juzuu kumi za maandishi yake. Lakini mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walikuwa wameshaandikiana barua juu ya mambo hayohayo, na sifa ya kuanzisha hesabu ya bahati ikaenda kwao. Mzee alichelewa miaka tisa, tena akiwa kaburini tangu zamani.

Mwenye swali la hesabu aliweke hapo chini, nitajaribu kumjibu kwa kadiri ninavyojua. Na wazee wa pwani mnaopita hapa, mimi nina swali langu: kwa Kireno rei ni mfalme. Ilikuwaje kwetu ree ikawa ni ile karata ya moja, na zile za picha zikaitwa mzungu?